Kipuri cha faranga 14: hesabu za mezani pa fundi redio wa Bunia

Rezista ya robo wati, ile ndogo yenye mistari ya rangi tumboni, huuzwa karibu nusu senti ya dola ikinunuliwa kwa maelfu. Kwa kiwango cha faranga 2,800 kwa dola, kilichozoeleka mwaka 2024, hiyo ni faranga 14. Noti ndogo kuliko zote zinazotumika Kongo ni ya faranga 50. Basi mjini Bunia rezista moja haiwezi kuuzwa kwa bei yake hata muuzaji akitaka, maana hakuna pesa ndogo kiasi hicho. Ama aitoe kwa noti nzima, ama aitupie kama nyongeza juu ya kitu kingine.

Redio, chaja au taa ya sola ikizimika, mara nyingi imeuawa na kitu cha bei ya namna hiyo. Mteja anayelipa faranga elfu kadhaa kwa matengenezo halipii kipuri. Analipia kujua ni kipi kati ya vipuri hamsini. Ujuzi huo hauji kwa kukariri majina. Unakuja kwa kufahamu kila kipuri kinafanya nini, kwa kiasi gani, na kinachakaa vipi. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Chukua adapta ya zamani ya redio, ile nzito inayotoa volti 9 na nusu ampea. Naipenda kwa sababu haifichi kitu: ukiifungua, kila kipuri kinaonekana kwa macho.

Umeme unaingia ukiwa volti 220, mizunguko 50 kwa sekunde. Sehemu ya umeme wa Bunia hutoka Budana, kituo cha umeme wa maji kwenye mto Shari kilichojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Sehemu nyingine hutoka kwenye jenereta za watu na paneli za sola. Kitu cha kwanza ndani ya adapta ni transfoma: nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Ikiwa upande wa kuingilia una mizunguko 18 kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa kutokea, volti 220 hushuka kuwa 12. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na ndiyo inayoipa adapta uzito.

Umeme huo bado unakwenda na kurudi, na redio inataka unaokwenda upande mmoja. Hapo zinaingia daiodi nne. Daiodi ni mlango wa njia moja, nao hutoza ushuru: volti 0.7 kila umeme unapopita. Kwa kuwa njia hupitia daiodi mbili kwa wakati mmoja, ushuru ni volti 1.4. Sasa, volti 12 tunazozitaja ni kipimo cha kazi inayofanyika; kilele cha wimbi ni mara 1.41 ya hizo, yaani karibu 16.9. Toa 1.4, unabaki na 15.5. Fundi akipima hapo kwa mita bila kuwasha redio na kukuta 15.5 kwenye adapta ya volti 9, asishtuke. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ila volti 15.5 ni za kilele tu. Umeme uliopita kwenye daiodi nne hupanda na kushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Katikati ya kilele na kilele kuna milisekunde 10, na redio haiwezi kuvumilia giza hata la muda huo. Kazi ya kujaza pengo ni ya kapasita, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita kondansateri. Ni pipa la maji uani: hujaa bomba linapotoka na kutumika linapokatika. Ukubwa wa pipa hupimwa kwa mikrofaradi, na hesabu ya kushuka kwa kina ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: ampea mara muda, gawanya kwa ukubwa wa kapasita.

Redio inavuta nusu ampea. Kwa kapasita ya mikrofaradi 2,200, volti hushuka kwa 2.3 kabla ya kilele kinachofuata, kutoka 15.5 hadi 13.2. Kwa mikrofaradi 1,000 hushuka kwa 5, hadi 10.5. Baada ya kapasita kuna kidhibiti cha volti 9, kipuri cha miguu mitatu, ambacho kinahitaji kama volti 2 za ziada ili kifanye kazi. Yaani chini ya 11 kinashindwa. Kwa kapasita ya 2,200 adapta iko salama. Kwa 1,000 imeshakosa nusu volti, na mara 100 kwa sekunde redio inakatiwa chakula. Sikio husikia hilo kama mngurumo mzito chini ya sauti ya mtangazaji. Kapasita ya 2,200 iliyokauka hadi 700 hushuka kwa volti 7.1, hadi 8.4, hapo mngurumo unamfunika mtangazaji kabisa.

Watu wengi wakisikia mngurumo huo husema spika imekufa, na spika mpya ni ghali mara nyingi kuliko kapasita. Mngurumo una anwani. Ukiwa wa 100 kwa sekunde, umetoka kwenye kapasita ya kusawazisha. Ukiwa wa 50, pengine daiodi moja kati ya nne imekatika na nusu ya wimbi haipiti. Fundi mwenye sikio hugundua kabla hajashika bisibisi.

Mwisho wa safari kuna taa nyekundu ya LED inayoonyesha kwamba umeme upo. LED hii inataka volti 2 na miliampea 10. Ina volti 9 mbele yake. Volti 7 zilizozidi lazima ziliwe na kitu, na mlaji huyo ni rezista: 7 gawanya kwa 0.01 ni omu 700. Viwandani hakuna 700. Rezista za kawaida hutengenezwa kwa hatua 12 katika kila kumi, na iliyo karibu ni 680: bluu, kijivu, kahawia. Joto lake ni wati 0.07, na yenyewe imeundwa kubeba 0.25. Hakuna tatizo.

Lakini angalia kosa la rangi moja. Bluu, kijivu, nyeusi ni omu 68. Chini ya mwanga hafifu, kahawia na nyeusi ni ndugu. Ukiweka 68, LED inapata zaidi ya miliampea 100 na rezista inalazimika kubeba wati 0.7, karibu mara tatu ya uwezo wake. Vyote viwili vinaungua. Mstari wa mwisho, ule wa rangi ya dhahabu, unasema kwamba thamani inaweza kupishana kwa asilimia 5. Dhahabu hiyo ni rangi tu, msije mkaikwangua.

Chaja ya simu ya siku hizi hufanya kazi ileile kwa kupindua mpangilio. Haina transfoma nzito mlangoni. Inageuza volti 220 moja kwa moja kwa daiodi na kuzihifadhi kwenye kapasita, kisha transista inazikatakata zile zilizohifadhiwa mara makumi ya maelfu kwa sekunde, tuseme 65,000. Kadiri mizunguko kwa sekunde inavyokuwa mingi ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na 65,000 ni mara 1,300 ya 50. Ndiyo sababu chaja inaingia kiganjani.

Gharama ya udogo huo imejificha kwenye kapasita ya mlangoni. Kilele cha volti 220 ni 311. Kapasita imeandikwa volti 400, kwa hiyo kuna nafasi ya volti 89 tu. Sasa weka jenereta isiyodhibitiwa vizuri. Ikitoa 265, kilele ni 375, kapasita inavumilia. Ikitoa 290, kilele ni 410, na kapasita imevuka mpaka wake. Kichwa chake kinavimba, au kinapasuka kwa mlio kama wa risasi unaofanya majirani watoke nje, jambo ambalo Bunia halichekeshi mtu. Adapta ya zamani mara nyingi ingepokea 290 hiyohiyo na kupata joto zaidi tu. Chombo kipya ni chepesi, kinatumia umeme kidogo, na hakisamehi.

Kinga ipo. Varista, sarafu ya buluu au ya njano inayokaa sambamba na mlango wa umeme, hulala kama haipo hadi volti zipite kiwango, kisha hufunguka na kuilazimisha fyuzi ikatike. Bei yake ni senti chache. Katika chaja za bei ya chini sana nafasi yake kwenye bodi mara nyingi imechorwa na kuachwa tupu: mtengenezaji aliokoa senti hizo chache. Na anayebadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ameondoa kinga ya mwisho iliyobaki. Jambo moja zaidi kuhusu kapasita hiyo ya volti 400: hubaki na chaji baada ya kuchomoa chaja. Iondolee umeme kwa rezista ya elfu kadhaa za omu kabla ya kuweka kidole.

Hapa ndipo hesabu iliyo muhimu kuliko zote, na ambayo imeandikwa kwenye ganda la kapasita bila watu kuisoma. Kapasita hizi zina maji ya kemikali ndani, na maji hukauka. Mtengenezaji huandika kiwango cha joto, 85 au 105, na kwenye karatasi zake hutaja saa. Kapasita ya kawaida ya digrii 105 inaahidiwa saa 2,000 kwenye joto hilo. Saa 2,000 ni siku 83. Inaonekana kama utani, lakini kanuni ya kazi ni kwamba kila digrii 10 zinazopungua huongeza umri maradufu. Kwa digrii 95 ni saa 4,000. Kwa 85 ni 8,000. Kwa 75 ni 16,000. Kwa 65 ni 32,000. Kapasita ya bei rahisi ya digrii 85 yenye ahadi ya saa 1,000 hupata saa 4,000 tu ndani ya boksi lilelile lenye digrii 65. Tofauti ni mara nane. Bei hutofautiana kwa senti moja au mbili.

Bunia ina bahati hapa. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani liko chini ya la Mombasa kwa digrii kama 4. Kwa kanuni hiyohiyo, digrii 4 huongeza umri wa kapasita kwa karibu theluthi moja. Bahati hiyo hupotea yote mtu anapofunika dekoda kwa kitambaa cha kufuma ili sebule ipendeze.

Kanuni hiyo inajibu pia swali la kila siku la mafundi: kipuri gani kichukuliwe kwenye bodi iliyokufa, na kipi kinunuliwe kipya? Bodi za redio na televisheni zilizokufa ndizo ghala kuu la fundi. Rezista haihesabu saa. Iliyotoka kwenye redio ya miaka 30 na bado inapima sawa ni nzuri kama mpya. Daiodi na koili vilevile, na transista nyingi. Kapasita ya maji haiko hivyo. Bodi iliyotumika saa 4 kwa siku kwa miaka 8, kwenye digrii zilezile 65, ina saa 11,680. Ikiwa kapasita zake zilikuwa za 105, zina saa 20,000 mbele yao. Ikiwa ni za 85, ziliisha zamani, na fundi anayezihamisha anahamisha ugonjwa. Atamwona mteja wake tena kabla ya Krismasi.

Transista inastahili aya yake, ingawa vitabu huipa sura nzima. Ni bomba linalofunguliwa na mkondo mdogo. BC547, mojawapo ya transista za kawaida kabisa, huweza kukuza mkondo mara 100 na zaidi. Chipu isiyoweza kutoa zaidi ya miliampea chache itaweza kuwasha relei ya miliampea 30 ikiipitia transista: kwa hesabu miliampea 0.3 zinatosha, lakini fundi mwangalifu hutoa 3 ili ifunguke kabisa. Volti 5 toa 0.7, gawanya kwa 0.003, ni omu 1,433, weka 1,500. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani Marekani, Regency TR-1, iliuzwa dola 49.95 na ilikuwa na transista 4. Leo transista iliyo bora kuliko zile inapatikana kwa senti 2 au 3 ukinunua mia. Chipu ya kwanza ya aina ya kichwa cha kompyuta kuuzwa sokoni, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya M1 ya Apple ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Ni vigumu kutaja kitu kingine kilichotengenezwa na binadamu ambacho bei yake imeanguka hivyo, na muujiza huo umefika hadi Bunia.

Koili na kapasita zikikaa pamoja hufanya jambo lingine: huchagua. Kila jozi huitikia masafa yake na kuyapuuza mengine, na hivyo ndivyo redio inavyoitenga Radio Candip, iliyozaliwa katika chuo cha ualimu cha ISP Bunia miaka ya 1970, na stesheni nyingine zinazoimba hewani kwa wakati huohuo. Kwa koili ya mikrohenri 0.1, masafa ya megahezi 88 yanataka kapasita ya pikofaradi 32.7, na megahezi 108 yanataka 21.7. Yaani FM yote, stesheni zote za mji, mahubiri, matangazo ya vifo na rumba, zinaingia ndani ya tofauti ya pikofaradi 11. Kapasita ya adapta yetu, ile ya 2,200, ni kubwa kuliko tofauti hiyo mara milioni 200. Ndiyo maana kidole kikikaribia koili ya redio iliyofunguliwa, stesheni inahama.

Sasa gharama ya njia. Bidhaa nyingi za umeme zinazofika Bunia hupitia Mombasa, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala, kisha Pakwach na Nebbi hadi mpaka wa Goli, kisha Mahagi, kisha karibu kilomita 180 za barabara ya taifa namba 27. Hizo 180 ndizo ghali. Ni barabara ya mashambulizi, vizuizi na misafara inayosubiri ulinzi, katika jimbo ambalo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021.

Mtu angetarajia njia kama hiyo iue biashara ya vipuri. Haiui, kwa sababu ya uzito. Hatua 12 katika kila kumi, kutoka omu 1 hadi milioni 10, ni thamani 84. Nunua 100 za kila moja: rezista 8,400, dola 42, mzigo wa kilo 2 hivi. Unaingia kwenye mfuko wa mgongoni. Kwa daiodi, 1N4007 peke yake inavumilia volti 1,000 na kwa hiyo inachukua nafasi ya ndugu zake wote kuanzia 1N4001. 200 ni kama dola 4. BC547 na mwenzake BC557, mia mia, dola 6. Kapasita ndizo zinazotisha kwa wingi wa aina, lakini kanuni moja inapunguza orodha: volti zilizoandikwa zinaweza kupanda, zisishuke. Kapasita ya volti 50 inakaa mahali pa ile ya 16, mradi boksi lina nafasi. Aina 8 za volti 50 na aina 3 za volti 400, ishirini ishirini, zote za digrii 105, kwa wastani wa senti 10, ni dola 22. Jumla ni dola 74 kwa bei za jumla za kawaida. Zidisha kwa mbili kwa ajili ya njia, ushuru na faida ya watu wa kati: dola 148.

Mwaka 2025 gramu moja ya dhahabu ilipita dola 100 kwenye soko la dunia. Kwa bei hiyo ghala zima la fundi lilikuwa sawa na gramu moja na nusu ya kile kinachochimbwa kwenye migodi ya Mongbwalu na kutoka jimboni kwa barabara zilezile, upande wa pili. Dhahabu yenyewe ina kazi ndani ya vipuri. Nyaya zinazounganisha chipu na miguu yake zilikuwa kwa miaka mingi za dhahabu, unene wa sehemu 25 za elfu ya milimita. Gramu moja hutoa mita 105 za waya huo, na kwa milimita 2 kila waya, inatosha chipu 6,500 za miguu minane. Siku hizi shaba imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tantali ni habari hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: Kongo hutoa karibu asilimia 40 ya madini hayo duniani, mengi kutoka Kivu, na moja ya matumizi yake makuu ni kapasita ndogo kuliko punje ya mchele. Hazina maji ya kukauka, ndiyo sababu viwanda huzilipia.

Kitakachobaki nje ya zile dola 148 ni chipu za chaja na za televisheni. Hizo haziwekwi akiba. Kila mtengenezaji ana zake, mbili zenye umbo moja na miguu sawa huweza kuwa za kazi tofauti kabisa, na namba iliyokwanguliwa haina msaada. Fundi huipiga picha iliyo kwenye bodi, huituma Kampala kwa simu, na kusubiri dereva anayemfahamu.